Wasimamizi Wawili na Silanga Moja

Mwaka nilioamua kutafuta ufadhili wa shahada ya uzamivu, nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya kutwa hapa Kitengela. Nilikuwa nimeoa, tuna mtoto mmoja, na nilikuwa nimekaribia sana umri ambao wafadhili wengi huuweka kuwa kikomo. Msimu uliofuata wa maombi ungenikuta nimeshauvuka. Kusoma kwa mshahara wangu hakukuwezekana, na mwajiri asingenipa likizo ya masomo bila barua ya mfadhili. Kwa hiyo nilikuwa na msimu mmoja.

Nilichotaka kuchunguza kilikuwa nyumbani. Ng'ambo ya mji wa Kajiado, kwenye ardhi iliyokuwa ya jamii nzima kabla haijagawanywa, kuna silanga ambayo familia yetu na majirani waliitumia tangu kabla sijazaliwa. Silanga ni bwawa la kuchimbwa. Linangoja maji ya mvua yateremke kutoka mwinuko, kisha mifugo inakunywa humo mpaka mvua nyingine. Yetu ilikauka miaka michache baada ya watu kupewa hatimiliki zao. Kila mtu alikuwa na sababu yake: wengine walisema ni visima vilivyochimbwa pande zote, wengine wakasema ni nyua za waya, wengine wakasema ni Mungu.

Nilipokuwa nasomea shahada ya pili, katika mambo ya maji, nilisimika nguzo ya chuma katikati ya silanga ile, nikaipaka alama za rangi, nikawa naenda kila mwisho wa juma kusoma maji yamefika wapi. Watoto wa kaka yangu waliniita mwalimu wa kupima matope. Nikiwa pale nilijikuta naandika pia jambo ambalo hakuna aliyeniagiza: nani ameleta mifugo siku gani, na kama amefuata zamu. Maana silanga ilikuwa na sheria. Ndama kwanza, ng'ombe wa maziwa baadaye, mbuzi na kondoo mwisho, na kila boma na siku yake. Wazee ndio waliopanga, na aliyevunja zamu alitozwa kondoo.

Kwa hiyo nilikuwa na rekodi za maji na rekodi za watu, za silanga moja, za majira yale yale. Nilidhani hiyo ni mali. Nilipoanza kuomba ufadhili nikagundua kwamba ni kama kuwa na miguu miwili kwenye duka linalouza kiatu kimoja kimoja. Wafadhili wa mambo ya maji walinijibu kwamba pendekezo langu lina mazungumzo mengi ya wazee. Wafadhili wa mambo ya jamii walijibu kwamba lina michoro mingi isiyoeleweka. Katika chumba cha walimu, mwenzangu wa kemia, aliyekuwa anafuatilia safari yangu kama mtu anayefuatilia ligi, aliniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, kwani wewe ni wa maji ama wa wazee? Chagua upande tukuombee."

Ndipo nikaona tangazo la mfadhili wa tatu. Huyu alitaka hasa utafiti unaounganisha taaluma mbili au zaidi, na alisema wazi kwamba hataki taaluma hizo ziketi kando kando kama wageni wasiojuana. Mwombaji alitakiwa kuwa na wasimamizi wawili kutoka idara mbili. Kila msimamizi angeandika ukurasa mmoja kuhusu swali la utafiti, kisha mwombaji angehojiwa mtandaoni, wasimamizi wakiwepo lakini wakikaa kimya. Nilisoma tangazo hilo nimesimama jikoni, nikamsomea mke wangu, na kwa mara ya kwanza nikahisi kwamba kuna mtu mahali fulani ameandika akinifikiria mimi.

Msimamizi wa kwanza hakunipa shida. Alikuwa profesa aliyenifundisha mwendo wa maji ardhini, mama mmoja wa maneno machache, anayejibu barua pepe kwa mstari mmoja na kuuacha bila nukta. Alikuwa na hakika kwamba silanga yetu iliuawa na visima vya jirani na tope lililojaa chini. Maji, alipenda kusema, hayajui mila.

Msimamizi wa pili alikuwa mhadhiri wa anthropolojia, aliyeandika kwa miaka mingi kuhusu ardhi ya Kajiado na jinsi ilivyogawanywa. Alikuwa pia wa rika la baba yangu. Kwetu Wamaasai, wanaume waliotahiriwa kipindi kimoja ni rika moja, na kila mwanarika wa baba yako ni baba yako. Hilo si jambo la mdomo tu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyesimama mahali pake. Nilipotaka kuoa binti wa familia iliyotoka Murang'a, na wajomba wangu wakawa wanakohoa badala ya kujibu, yeye ndiye aliyewaambia kwamba ng'ombe mzuri haulizwi alikozaliwa. Mke wangu alisimuliwa maneno hayo, na mpaka leo hajaamua kama afurahi au akasirike. Mimi nilimwita Papa, kama nilivyomwita baba aliyenizaa.

Maoni yake kuhusu silanga yalijulikana. Alishaandika kwamba silanga za Kajiado zilikufa kwa sababu ardhi ilipogawanywa, baraza la wazee lilipoteza nguvu, zamu zikavunjika, na kila mtu akaingiza mifugo wakati wowote mpaka kingo zikabomoka.

Nilipomweleza mke wangu kwamba Papa amekubali kunisimamia, alikuwa anakunja nguo. Aliniuliza bila kuinua kichwa, "Huyu sasa ni msimamizi ama ni baba?"

Nikamwambia ni wote.

"Sawa," akasema. "Siku mkibishana nitajua ni nani amekuja."

Nilicheka. Miezi iliyofuata niliandika pendekezo na kulituma kwa wote wawili. Profesa alifuta sehemu za baraza la wazee na kuandika pembeni, "Ushahidi?" Papa aliongeza sehemu mpya za baraza la wazee na kuandika pembeni kwamba nguzo yangu ya chuma imechukua nafasi kubwa mno. Nilikubali marekebisho ya wote. Kila alichofuta Profesa nilikifuta, na kila alichoongeza Papa nilikiweka, mpaka pendekezo likawa na nusu mbili zilizopigwa pasi vizuri, na katikati hamna kitu. Nilijiambia kwamba hiyo ndiyo adabu ya mwanafunzi.

Lakini katikati palikuwa na kitu, na mimi nilikijua. Rekodi zangu zilionyesha kwamba maji yalianza kupungua wakati zamu bado zinafuatwa. Mvua ilinyesha, ndama walitangulia, mbuzi walimaliza, kondoo wa faini alichinjwa kama kawaida, na bado alama ya maji ilishuka. Zamu zilivunjika baadaye, watu walipoona hakuna cha kugawana. Kwa hiyo Papa alikuwa ameliona tukio lile lile akaanza kulisoma kutoka mwisho. Profesa naye alikuwa amekosea, kwa maana visima vilichimbwa baadaye zaidi. Kilichoiua silanga ni barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu wa changarawe, iliyoinuliwa huko juu ya mwinuko. Iligeuza mkondo, maji ya mvua yakawa yanateremkia bonde lingine. Na barabara ile ilipita pale kwa sababu ardhi ilipogawanywa, mpaka wa viwanja ulipita pale. Ugawaji ulileta mpaka, mpaka ukaleta barabara, barabara ikageuza maji, na maji yalipokwisha zamu zikafa. Huwezi kuona mnyororo huo ukiwa umesimama kwenye idara moja. Ndicho hasa mfadhili alichokuwa anatafuta.

Sikukiandika. Nilijiambia nitakisema nikishapata nafasi, ndani ya tasnifu, polepole, kwa heshima, mahali ambapo Papa angekisoma akiwa peke yake.

Siku ya mahojiano niliomba ruhusa kwa naibu mkuu wa shule. Mtandao wa kwa Papa hauaminiki, kwa hiyo alikuja Kitengela asubuhi, amevaa suti ya kijivu na fimbo yake mkononi. Mke wangu alishafunga madirisha kwa ajili ya vumbi la malori ya mawe. Gari la maji lilikuwa linajaza tangi la plotini, la nyumba zetu zote za kupanga, na tulilazimika kungoja injini yake izimwe. Tulikuwa na kompyuta moja, hivyo tuliketi mimi na Papa bega kwa bega, nyuso zetu mbili katika kidirisha kimoja. Profesa alikuwa kwenye kidirisha chake huko Nairobi. Wahoji walikuwa watatu.

Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Niliulizwa kuhusu nguzo, nikaeleza. Niliulizwa jinsi nilivyojua nani amefuata zamu, nikaeleza kwamba silanga ni ya nyumbani na waliokuwa wanachota maji ni shangazi zangu, nao ndio walionisimulia siku ambazo sikuwepo. Mmoja wa wahoji alicheka kwa wema.

Kisha mwenyekiti, mwanamke aliyezungumza taratibu kama mtu anayekupa muda, akasema amesoma kurasa za wasimamizi wangu na ameona kwamba hawakubaliani. Mmoja anasema maji yalikwisha kwa sababu za ardhini, mwingine anasema ni kwa sababu ya kuvunjika kwa zamu. Alisema hilo halimsumbui hata kidogo. Utafiti wa aina hii huanzia hapo. Akaniuliza, "Wewe uliyekuwa pale, unasemaje?"

Jibu lilikuwa kinywani. Nakumbuka hata lilivyoanza, kwa Kiingereza, kwa neno barabara. Goti la Papa lilikuwa limegusana na langu. Nilimwona pembeni mwa jicho, mikono yote miwili juu ya kichwa cha fimbo, anatazama kioo kama anavyotazama mtu anayezungumza barazani.

Nikasema wote wawili wako sahihi, kila mmoja kwa namna yake.

Mwenyekiti alisubiri. Akasema hilo ni jibu la mtu mwenye adabu, na angependa sasa kusikia la mtafiti. Kama ningelazimika kuanza na mmoja, ningeanza na yupi, na kwa nini?

Nikasema mambo haya yanategemeana. Nikatumia neno hilo mara kadhaa. Nilizungumza kuhusu umuhimu wa kusikiliza pande zote. Niliona Profesa ameshusha macho, anaandika kitu au anajifanya anaandika. Mhoji aliyecheka mwanzoni aliangalia saa. Waliniuliza jambo moja la bajeti, wakatushukuru, kioo kikawa cheusi, na tukajiona mimi na Papa tumeketi humo kama picha ya pasipoti ya watu wawili.

Mke wangu alileta chai. Papa alimshukuru, akamuuliza habari za mama yake, akasema mvua za mwaka huu zinaonekana zitachelewa. Alikunywa kikombe kizima. Nilimsindikiza mpaka barabara ya Namanga.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amekaa pale Papa alipokuwa. Alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Kuhusu barabara ya murram nilikuwa nimemweleza mara nyingi hata angeweza kuifundisha darasani.

"Alikuja baba," akasema.

Barua pepe ilifika wiki kadhaa baadaye, wakati wa somo la mwisho. Ilikuwa barua ya heshima. Walisifu rekodi zangu na kusema hawajaona nyingi za namna ile. Lakini nafasi zilikuwa chache, na kwa maoni yao mwombaji hakuonyesha bado msimamo wake kati ya taaluma mbili alizotaka kuziunganisha. Walinikaribisha kuomba tena msimu ujao. Hawakujua, au hawakuangalia, tarehe yangu ya kuzaliwa. Nilimaliza somo. Lilikuwa la aina za mawingu.

Profesa aliandika mstari mmoja, pole sana, na chini yake wa pili, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alisema alidhani nina la kusema na alikuwa amengoja kulisikia, hata kama lingempinga yeye. Nilijibu asante.

Kwa Papa sikwenda. Kila nilipopanga safari ya Kajiado nilipata sababu ya kusahihisha mitihani. Nilidhani nimemkasirikia, kisha nikadhani najionea haya, na muda ukapita mpaka kutokwenda kwenyewe kukawa kosa jipya. Mwishowe aliniita. Alimtuma kaka yangu aniambie tu kwamba Papa anauliza kama barabara ya Kitengela imefungwa.

Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti chake chenye kitambaa cha kufuma, miwani juu ya paji la uso. "Supa," akasema. "Ipa," nikajibu. Tulipeana habari zote kama inavyotakiwa, za watoto, za mifugo, za majani, za shule, za mgonjwa wa jirani, na nilijua kwamba mpaka habari ziishe hataligusa lililomfanya aniite. Zilipoisha, akasema, "Ulikuwa unajua jibu."

Nikasema ndiyo.

"Niliona mdomo wako ukifunguka. Kisha ukaufunga. Lilikuwa linanipinga?"

Nikasema ndiyo, Papa.

Akaniuliza kijana wa kwetu akitaka kumpinga mzee barazani hufanya nini. Nilimjibu kama mtoto anayejibu darasani: huomba kwanza ruhusa ya kusema. Na mzee akishaitoa? Hapaswi kukasirika, hata akiambiwa kwamba amekosea mbele ya watu. Na kijana? Halaumiwi.

"Sasa kwa nini hukuniomba? Tulikunywa chai asubuhi yote."

Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimebeba mila yetu kama ukuta, miezi yote, nikijiambia ndiyo iliyonifunga mdomo, na mlango ulikuwa humo humo ukutani. Ningeweza kuomba kabla kompyuta haijafunguliwa. Ningeweza hata kuomba katikati, kwa Kimaa, maneno manne au matano, na wahoji wangefikiri ninauliza kama sauti inasikika. Haikunijia akilini. Kikao kilikuwa cha Kiingereza, cha mtandaoni, cha watu wa mbali, nami nilikuwa nimekiingia na nusu ya mila peke yake, ile inayokataza. Ile inayofungua nilikuwa nimeiacha Kajiado.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno yasiyonyooka kama haya. Kisha nikathubutu kumuuliza kwa nini yeye hakunipa tu ruhusa, kama aliona.

"Ruhusa haitolewi kwa asiyeomba," akasema. Baadaye akavua miwani kabisa. "Na mimi nimeandika jambo lile kwa miaka mingi. Sikuwa na haraka ya kulisikia likivunjwa na mtoto wangu."

Nje mtu alikuwa anafungulia mbuzi maji kutoka kwenye tangi la plastiki.

"Niombe sasa," akasema.

Niliomba. Akanipa. Nikaanza na barabara, kisha nikarudi nyuma kwenye zamu, nikamweleza kwamba zilidumu kuliko alivyoandika, na kwamba wazee aliowaita dhaifu ndio walioendelea kugawa maji mpaka yalipobaki matope. Sikumtazama usoni mwanzoni. Alinikatiza. Alitaka kujua nina uhakika gani kwamba rekodi zangu za zamu hazikupambwa na shangazi zangu. Nilimjibu. Akauliza tena, kwa ukali, akipiga sakafu kwa fimbo, nami nikajibu kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, na yeye akapandisha yake. Hakuna mhoji aliyewahi kuniuliza maswali mazuri namna ile. Nilijiona nikijibu kama mtu ambaye nilitaka wamwone siku ile, na hapakuwa na wa kumwona isipokuwa mtu mmoja, ambaye hakuwa na nafasi ya kunipa.

Mkewe, ambaye namwita Yeyo kama mama, alitokea mlangoni na mikono yenye unga. Aliuliza tunagombania nini.

"Hatugombani," Papa akasema. "Anafanya mtihani wake."

"Ule wa kompyuta? Si mlisema ulikwisha?"

"Ulikwisha."

Yeyo alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema chakula kinakaribia, akarudi jikoni. Papa alivaa miwani tena na kuvuta karatasi kutoka chini ya gazeti.

"Endelea," akasema. "Huo mpaka wa viwanja. Nani aliamua upite pale?"

Nilikuwa na jibu la hilo pia.